Kabla ya Vitanda, Uliza Wakwe

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa na mshahara wala cheo, hamtasoma hapa jinsi nilivyopanda ngazi. Hapakuwa na ngazi. Kulikuwa na hija moja kila kiangazi, watu wanaotembea kwa miguu kutoka Musoma, kupitia Butiama na Mugeta, hadi kwenye msalaba wa mlimani nje kidogo ya Bunda, na kila jioni watu hao walihitaji mahali pa kulala. Mahali hapo nilipatafuta mimi. Nawaandikia ninyi mnaopokea kazi, kwa sababu mmeniuliza maswali mengi kwenye simu na nimechoka kuyajibu moja moja, na kwa sababu lipo swali moja ambalo hamjaniuliza.

Paroko wetu anajua kwamba sikuingia kwenye hija kwa ajili ya imani, kwa hiyo nanyi mnaweza kujua. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma sosholojia, nimerudi kwa mama yangu, mtaa wa Kamunyonge, nadurufu karatasi za watu kwenye duka la stesheneri, na karibu kila kitu kilikuwa kinaniudhi. Nilimuuliza mama kwa nini mtu achanike nyayo kwenda mahali ambapo basi linafika kabla ya chai ya saa nne. Mama hakuacha kuchambua mchele. Alisema, "Nenda ukawaulize wenyewe." Nikaenda kuwauliza. Waliponiona nina maswali mengi kuliko sala, wakanipeleka kamati ya malazi, ambako angalau maswali yana kazi ya kufanya.

Kamati ya malazi ilikuwa mtu mmoja, Dada Pendo, muuza dagaa wa Mwigobero. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini za mitumbwi. Wiki mbili kabla ya hija alifunga meza yake, akapakia mfuko wa dagaa wakavu kwenye baiskeli, na mimi nikawa nyuma yake na baiskeli ya kuazima isiyo na breki. Mji wa kwanza tuliopiga hodi, yaani boma la kwanza, nilimtolea mwenye nyumba swali nililoliandaa tangu asubuhi: ana vitanda vingapi? Mwenye nyumba akatazama chini. Dada Pendo akanikanyaga mguu, halafu akauliza choo kiko upande gani.

Tulipotoka akaniambia, "Mimi siulizagi vitanda. Ukimuuliza mtu vitanda, anaanza kuona aibu na kile anacholalia. Uliza choo, uliza maji. Vitanda atakwambia mwenyewe, tena ataongeza."

"Na akikosa kabisa?"

"Atakwambia ana mkeka. Wewe ulifikiri mahujaji wanaenda hotelini?"

Alinifundisha pia kwamba mwanaume ndiye anayekubali wageni lakini mwanamke ndiye anayewalaza, kwa hiyo dagaa wanakabidhiwa jikoni, si sebuleni. Na alinifundisha kulala. Kila chumba, kila darasa, kila kibaraza, Dada Pendo alijilaza sakafuni, akanyoosha mikono, akafumba macho kidogo, kisha akainuka na kusema wangapi wataenea. Nilimcheka mpaka nilipojaribu mwenyewe. Ukiwa umesimama, chumba kinakudanganya. Ukilala unaona siafu, unaona upepo unaopita chini ya mlango, unasikia mashine ya kusaga ya jirani. Tangu hapo sikumlaza mtu mahali ambapo mgongo wangu haujagusa. Mwenyekiti mmoja wa kitongoji alinikuta nimejinyoosha kwenye sakafu ya ofisi yake na akaagiza maji ya kunimwagia, akidhani nimezimia.

Kifaa chetu kilikuwa chaki. Mahali palipokubaliwa tuliandika mlangoni idadi ya watu, na pembeni herufi K kama ni wanawake, M kama ni wanaume. Mahujaji wakifika wamechoka hawataki hotuba, wanatafuta mlango wenye chaki. Nunueni chaki nyeupe. Ya rangi ikipigwa na umande inakuwa doa, na mwenye nyumba atawakumbuka kwa hilo doa.

Goti la Dada Pendo lilipokataa baiskeli, kazi ikabaki kwangu. Niliongeza simu, nikaongeza kirikuu cha kubebea mizigo na magodoro, na nikaongeza ubishi. Nilibishana na mwalimu mkuu aliyeondoka na ufunguo wa madarasa kwenda mnadani. Nilibishana na bwana mmoja aliyewapa mahujaji chumba chenye redio na kukataa kuizima, kwa maelezo kwamba redio nayo ni mwenyeji. Wanaokoroma niliwaweka pamoja, na walinilalamikia kila mmoja kwa wakati wake kuhusu kukoroma kwa wenzake. Hayo yote mtayaweza. Ninalotaka kuwasimulia ni la kiangazi kile ambacho shule ilikuwa haina bati.

Ni kile kijiji cha baada ya Butiama, kabla ya Mugeta. Miaka yote tulilala shuleni hapo, madarasa mapana, choo kizuri, bomba karibu. Mwaka ule upepo uling'oa bati za madarasa na mafundi walikuwa juu ya paa. Nilipiga simu huku na huku, na aliyenipokea kwa moyo wote alikuwa Wambura, mwalimu wa fizikia kwenye sekondari ya jirani, mwenye nyumba kubwa kijijini. Alisema nyumba ina vyumba vya kutosha na mke wake, Nyangeta, ameshaanza kufua mashuka. Nilitangulia na pikipiki, nikajilaza kwenye vyumba vyote, nikaandika chaki. Chumba bora zaidi, chenye dirisha upande wa mashariki, niliandika K na nikaamua moyoni kwamba kitakuwa cha Mama Masatu.

Mama Masatu alikuwa mama wa makamo aliyevuka makamo, jirani yetu wa Kamunyonge, mwenye mguu uliokuwa umevimba tangu siku ya pili. Alikuwa anatembea kwa nadhiri. Binti yake alikaa miaka mingi bila kupata mtoto, na alipopata ujauzito ukawa wa shida. Mama Masatu akaahidi kwamba mtoto akizaliwa hai na mama yake akabaki hai, yeye atatembea mpaka msalabani bila kupanda chombo chochote na bila kuruka kituo hata kimoja. Mtoto alizaliwa. Mama Masatu akanunua raba.

Kilichotokea mnaweza kukiona kikija, kwa sababu nawasimulia kwa mpangilio. Mimi sikukiona. Orodha ya mahujaji ilisema Mama Masatu wa Kamunyonge; haikusema binti yake anaitwa Nyangeta na ameolewa wapi, nami, pamoja na ujirani wetu, sikuwahi kuuliza. Binti naye hakuwa ameambiwa kwamba mama yake anatembea mwaka ule. Mama Masatu alijua tutapita kijiji hicho, lakini alijua tutalala shuleni, ambako ni mbali na mji wa mkwe wake. Dada Pendo nilipomsimulia baadaye alisema hata yeye asingeuliza, kwa sababu shule haina mkwe.

Jioni ile kundi lilipokata kona kuelekea kwa Wambura, Mama Masatu alisimama. Akatazama mteremko, akatazama nyumba, akakaa juu ya jiwe la pembeni mwa njia na kuvua raba moja.

"Kijana wa malazi," aliniita. "Tunalala wapi?"

"Pale, mama. Kwa Mwalimu Wambura. Nimekuwekea chumba chenye dirisha."

"Umeniwekea chumba kwa mkwe wangu."

Mnajua mambo ya huku. Mkwe na mama mkwe wakionana njiani mmoja anatafuta njia nyingine. Hawali pamoja. Na kwao Mama Masatu, mama mkwe halali chini ya paa lenye kitanda cha binti yake na mumewe. Tangu Nyangeta aolewe, mama yake alikuwa hajavuka hata uzio wa mji ule. Mjukuu mwenyewe alimwona alipoletwa Musoma.

Nilichuchumaa mbele yake nikaanza kufanya ninachofanyaga. Nilimuuliza mwiko huu unamlinda nani. Nilimuuliza kama Mungu anayemfuata hadi msalabani naye anajali kitanda kiko chumba gani. Nilimuuliza kama haoni kwamba desturi inayomzuia kumkumbatia mjukuu wake ina kasoro.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, huku akikung'uta mchanga kwenye raba. "Chuo ulisomea nini, mwanangu?"

"Sosholojia, mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kujifunza habari za watu. Jinsi wanavyoishi."

"Basi jifunze. Mimi hapo siingii."

Kiongozi wa hija alikuja akitazama jua. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alisema suluhisho ni bodaboda: Mama Masatu apelekwe kwa masista wa Mugeta, alale, kesho tumkute huko. Mama Masatu alisema kwamba bodaboda ni chombo. Kiongozi akasema Mungu ataelewa. Mama Masatu akasema Mungu ataelewa, yeye ndiye hataelewa. Kisha akaanza kuvaa tena ile raba, na nikaona anakusudia kuendelea kwa miguu hadi Mugeta, usiku, na mguu ule. Mguu ulikataa kuingia kwenye raba. Akavuta kamba, akasukuma, haukuingia. Hakulia. Alikaa tu akiishikilia raba mapajani, na mimi nikafikiria safari nzima tangu Musoma, vituo vyote alivyolala, kuishia kwenye jiwe hili kwa sababu ya chaki yangu.

Nilimwambia, "Mama, nipe muda kidogo. Utalala hapa kijijini na hutaingia kwa mkwe."

"Kwenye mti?"

"Sijui bado. Usipande kitu."

Niliteremka mbio hadi kwa Wambura. Sikumkuta. Nyangeta alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, habari zimeshamfikia, macho yamejaa machozi. Alinyoosha kidole kuelekea zizi la ng'ombe. Nikazunguka zizi. Mwalimu wa fizikia alikuwa amechutama nyuma ya ukuta wa mawe, suruali ya kazini, simu mkononi.

"Amefika?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Yuko juu njiani. Mwalimu, mbona umejificha?"

"Sijajificha. Nimempisha."

"Wewe una digrii. Unafundisha fizikia."

"Fizikia naifundisha shuleni. Hapa nyumbani mimi ni mkwe." Alichungulia juu ya ukuta na kurudi haraka. "Mnadhani sitaki alale vizuri? Huyu ndiye aliyenipa mke. Mashuka yale nimefua mwenyewe nusu."

Nikamwambia yeye akalale kwa rafiki, nyumba abaki nayo mama. Akasema akiondoka yeye, kitanda kinabaki. Nikasema tutoe kitanda nje. Akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaotaka nidurufu karatasi iliyolowa. "Na nyumba nayo utaitoa?"

Hapo ndipo nilipoacha kubishana na desturi, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba nitaishinda baada ya miaka hamsini, na jua lilikuwa linazama sasa hivi. Nikauliza swali la mtu wa malazi.

"Mwalimu, mji wako unaishia wapi?"

"Kwenye minyaa."

Minyaa ilikuwa uzio mrefu wa kijani upande wa juu wa nyumba, umeota kwa kusongamana, mwanya mmoja tu katikati wa kupitisha ndoo.

"Na ng'ambo ya minyaa?"

"Shamba la Mama Ghati. Ameshavuna mtama."

Tulitazamana. Fizikia ilianza kufanya kazi usoni pake. "Siyo kwangu hapo," alisema polepole. "Hapo siyo kwangu kabisa. Hata matembele yake tukitaka tunaomba."

Mama Ghati alikuwa mjane mfupi, amekaa anapuliza moto. Nilimweleza. Alinifanya nirudie.

"Kuna nyumba ya bati, ina magodoro," alisema, "na nyie mnataka kulala kwenye mabua yangu."

"Ndiyo, mama."

"Wa Musoma mna mambo." Akanyanyuka, akajifunga kitenge vizuri. "Mkwe wake Wambura, ee? Afanye vipi sasa. Mwache aje. Ila mtu akikanyaga viazi vyangu, hija yake inaishia hapo."

Nilirudi kwenye kirikuu, nikachukua turubai la kufunikia mizigo. Kupita kwenye mji wa Wambura hakukuwezekana, kwa hiyo tulizunguka kwa juu, pembeni ya matuta ya viazi, Mama Masatu akiegemea bega langu, raba moja mguuni na nyingine mkononi. Alipofika mbele ya ile minyaa alisimama tena.

"Huku ni kwa nani?"

"Kwa Mama Ghati," nilisema, na Mama Ghati mwenyewe akaitikia kutoka nyuma yetu, "Kwangu. Karibu, mwenzangu. Chunga viazi."

Nilijilaza. Visiki vya mabua vilinichoma mgongo mahali pengi sana, kwa hiyo nikakataa mahali pale kama ambavyo ningekataa chumba chochote, nikaomba jembe. Jembe lilitokea kwenye mwanya wa minyaa, limeshikwa na mkono ambao mwenye nao hakuonekana. Tukang'oa visiki. Baadaye mwanya ule ule ulitema magunia matupu, nyasi kavu, godoro, na shuka lenye maua. Kila kitu kilisukumwa kwa uangalifu, maana utomvu wa minyaa ukikuingia jichoni umepata kazi ya wiki. Mama Masatu alitazama shuka likitokea, akageuza uso upande wa pili mpaka ule mkono uliporudi.

Sitawasingizia mahujaji utakatifu. Wengi walilala ndani, kwenye vyumba nilivyoviandika chaki, na walifurahi. Kina mama wachache walitoka kumfuata Mama Masatu, mmoja wao akisema wazi kwamba anakimbia anayekoroma. Chumba chenye dirisha kilikaa wazi. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya mwisho ya turubai kwenye mti wa mpaka wakati Nyangeta alipopenya kwenye mwanya, kwanza akapitisha mtoto, halafu akapita yeye, na mkeka kwapani.

Mama yake alisema, "Unaacha mji wako na wageni ndani?"

"Baba mtoto yupo, ndiye mwenyeji leo," Nyangeta alisema. "Sogea, mama."

Mama Masatu akasogea. Nikawaacha.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kiangazi inayotoka vilimani. Nilikuja kufungua turubai nikawakuta wamekaa, mtoto kalala kwenye mapaja ya bibi yake, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Kwenye mwanya wa minyaa ilikuwepo ndoo ya maji ya moto, inatoa mvuke, na pembeni yake ile raba iliyokataa kuingia. Mtu alikuwa ameichana ulimi na kuitoboa matundu mapya kwa juu, ikawa pana. Hakuna aliyeona ilivyochukuliwa wala ilivyorudishwa. Mama Masatu aliosha uso, akatia mguu, ukaingia.

Akasimama akaitazama minyaa. Hakupaza sauti. "Baba, tumelala salama. Asante."

Nyuma ya zizi mtu akakohoa, mara moja, kikohozi cha mtu asiye na kifua.

Mama Masatu alifika msalabani kwa miguu yake. Shule ilirudishiwa bati, na mwaka uliofuata kituo kilirudi shuleni, isipokuwa Mama Masatu aliyeomba turubai. Ametembea kila mwaka tangu hapo, ingawa nadhiri ilikwisha. Nilipomuuliza kwa nini anaendelea, alisema kuna mahali njiani anapolalaga vizuri. Mimi bado naona desturi ile ina kasoro, na nimemwambia. Anasema sawa, shika kamba.

Sasa sababu ya kustaafu, ambayo mmekuwa mkiizunguka. Ndugu zangu wamekwenda Mugeta kunisemea kwa wazazi wa Neema, mchumba wangu, na wamekubaliwa. Mwezi uliopita nilipita Mugeta kukagua kituo kama kawaida, na mbele yangu kwenye njia nyembamba akatokea mama mwenye ndoo kichwani. Nilimtambua kwa picha za simu ya Neema: ni mama yake. Nilikuwa na hoja zote tayari, zile zile nilizompa Mama Masatu pale kwenye jiwe. Nilipokuja kujua niko wapi, nilikuwa katikati ya shamba la mihogo, nimechuchumaa, chaki imevunjika mfukoni, namsikiliza akipita. Alipofika usawa wangu alipunguza mwendo kidogo. Nikakohoa. Akaendelea na safari yake.

Mtu wa malazi asiyeweza kupiga hodi Mugeta hafai. Kwa hiyo chaki nawaachia. Dagaa wapelekeni jikoni, jilazeni kila mahali, na kwa kila kijiji, kabla hamjafikiria choo wala vitanda, ulizeni nani kati ya mahujaji ana mkwe hapo. Mimi nitakuja kama hujaji wa kawaida. Kituo cha Mugeta niandikieni nje.